MALAIKA KATIKA VINYWA VYA WENGI: UIMBAJI UPYA WA WIMBO KAMA SUALA LA FASIHI NA LUGHA

Ikisiri

Makala haya yanachunguza yanayoupata wimbo wa Kiswahili pale unapoimbwa upya na msanii mwingine, hasa msanii asiyeijua lugha ya wimbo huo. Mfano mkuu ni Malaika, ukifuatwa na Jambo Bwana na nyimbo za Siti binti Saad zilizoendelezwa na Bi Kidude. Hoja ya msingi ni kwamba uimbaji upya si nakala hafifu ya kazi ya awali, bali ni tendo la kifasihi lenye hadhira, muktadha na maana yake. Hata hivyo, tendo hilo huzua deni kwa mtunzi na kwa lugha, na ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kulitambua deni hilo.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya fasihi simulizi vyuoni imejikita sana katika nyimbo za jadi: nyimbo za jando, za kazi, za harusi na za mazishi. Nyimbo zilizorekodiwa kwenye santuri na kanda zimetazamwa na baadhi ya wahakiki kama burudani tu. Mtazamo huu unawanyima wanafunzi uwanja mpana wa utafiti, kwa kuwa wimbo wa santuri nao hupokezwa, hubadilishwa na kumilikiwa na jamii kama ulivyo wimbo wa jadi. Tofauti ni kwamba mabadiliko ya wimbo wa santuri yanaweza kusikilizwa na kulinganishwa, kwa maana kila toleo limehifadhiwa.

Katika makala haya, istilahi “uimbaji upya” inatumiwa kumaanisha tendo la msanii kuchukua wimbo uliokwisha kutolewa na msanii mwingine, akauimba au kuurekodi kwa sauti yake. Matini inayotokana na tendo hilo inaitwa “toleo”.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Mihimili miwili inaongoza mjadala huu. Wa kwanza ni nadharia ya utendaji. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales kilichotoka mwaka 1960, alionyesha kwamba kwa mwimbaji wa tendi simulizi kila uimbaji ni utunzi. Ruth Finnegan naye, katika kazi yake ya mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kuwa fasihi hiyo haiwezi kutenganishwa na fanani, hadhira na tukio la utendaji. Kwa mujibu wa mkabala huu, kuuliza ni toleo lipi la wimbo lililo “sahihi” ni kuuliza swali la maandishi mahali panapohitaji swali la utendaji.

Mhimili wa pili ni dhana ya mwingilianomatini iliyoasisiwa na Julia Kristeva. Dhana hii hushikilia kwamba hakuna matini inayosimama peke yake. Kila matini hujengwa kwa kuitikia matini nyingine. Anayeimba upya hauimbi wimbo tu, bali pia huziimba kumbukumbu ambazo wasikilizaji wanazo kuhusu matoleo yaliyotangulia.

3.0 Safari ya Malaika

Malaika ulirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William, mwanamuziki mwenye asili ya Taita, akiwa na bendi yake ya Jambo Boys. Maudhui yake ni mepesi kuyaeleza na mazito kuyabeba: kijana anampenda msichana na angetaka kumwoa, lakini hana uwezo wa kifedha. Kwa hadhira ya Afrika Mashariki, hali hiyo iliwiana na maisha ya vijana waliohamia mijini kutafuta ajira huku mahari ikiwasubiri nyumbani.

Wimbo huo ulivuka mipaka upesi. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani waliujumuisha katika albamu yao ya pamoja, ambayo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Mwaka 1967 bendi ya Hep Stars ya Uswidi nayo iliurekodi. Boney M., kundi lililoundwa nchini Ujerumani na kuwa na waimbaji wenye asili ya Karibiani, lilitoa toleo la mdundo wa disko mwaka 1981. Miaka kumi baadaye, Angélique Kidjo wa Benin aliuimba katika albamu yake ya Logozo.

Hakuna hata mmoja kati ya wasanii hao wa nje aliyelelewa katika Kiswahili. Makeba alikulia katika lugha za Kusini mwa Afrika, na Kidjo katika lugha za Benin. Hata hivyo, wote waliuimba kwa Kiswahili badala ya kuutafsiri, jambo linalodhihirisha kwamba walikichukulia Kiswahili kuwa sehemu ya uzuri wa wimbo.

Toleo la Makeba linastahili kuangaliwa kwa upekee. Alipoliimba alikuwa uhamishoni, kwa kuwa serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeifuta pasipoti yake mwaka 1960. Katika kinywa cha mtu aliyezuiwa kurudi kwao, wimbo wa anayezuiwa kumpata ampendaye ulipata tabaka jipya la maana. Maneno yalibaki yale yale, lakini muktadha wa utendaji ulibadilika, na maana ikapanuka. Hili ndilo ambalo nadharia ya utendaji inatutaka tulione.

4.0 Sarufi ya Mapenzi: Mambo Manne ya Kiisimu

4.1 Nomino “malaika”

Nomino hii imetokana na Kiarabu, ambako malaika ni wingi wa malak. Kiswahili kilikopa umbo la wingi na kulitumia kwa umoja na wingi katika ngeli ya A-WA: malaika amekuja, malaika wamekuja. Aidha, Waswahili humwita mtoto mchanga malaika kwa sababu hajatenda dhambi. Kwa hiyo, mpenzi anayeitwa kwa jina hili hasifiwi kwa urembo pekee. Anasifiwa pia kwa usafi wa moyo. Albamu ya Belafonte na Makeba iliupa wimbo kichwa cha Kiingereza chenye maana ya “malaika wangu”. Kivumishi kimilikishi kilichoongezwa si kitu kidogo. Katika Kiswahili nomino inasimama peke yake kama wito, na anayeitwa hajawa wa yeyote. Kwa kweli, mgogoro mzima wa wimbo unatokana na kwamba bado hajawa wake.

4.2 Kiambishi -nge-

Kauli ya kuoa katika wimbo huu imejengwa kwa kiambishi cha masharti -nge-. Vitabu vya sarufi hutofautisha -nge-, kinachoacha uwezekano wa jambo kutendeka, na -ngali-, kinachorejelea jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita, ijapokuwa katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo hukiukwa. Iwapo mtunzi angetumia -ngali-, wimbo ungekuwa maombolezo. Kwa kutumia -nge-, mlango haujafungwa: fedha zikipatikana, ndoa itawezekana. Matumaini ya wimbo yamo katika silabi moja. Mwimbaji asiyejua Kiswahili huibeba silabi hiyo bila kujua uzito wake, na bado msikilizaji wa Mombasa au Tanga huipokea ikiwa kamili.

4.3 Kitenzi -oa na suala la jinsia

Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Nafsineni katika Malaika ni mwanamume, na kitenzi chake ni -oa. Makeba, Kidjo na waimbaji wa kike wa Boney M. walikihifadhi kitenzi hicho. Je, walikosea? Jibu la haraka ni kwamba hawakuijua sarufi. Jibu hilo halitoshi. Kwanza, umbo “ningekuoa” lina mizani tano, ilhali “ningeolewa nawe” lina mizani saba. Badiliko hilo lingevunja mapigo ya wimbo. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, msanii si nafsineni. Mwanamke anaweza kuibeba sauti ya kijana wa kiume kama mwigizaji anavyovaa uhusika jukwaani. Kuimba upya hapa kunamkumbusha mhakiki kanuni ambayo wanafunzi wengi huisahau wanapochambua ushairi: “mimi” wa shairi asichanganywe na mtu aliyelitamka.

4.4 Utata wa “hukuwaza”

Katika ubeti unaomwita mpenzi kidege, maandishi mengi ya wimbo huu yanayosambaa huonyesha kitenzi “hukuwaza”. Kimofolojia, neno hilo linaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili:

(a) hu-ku-waz-a: hu- ya mazoea, -ku- ya mtendwa wa nafsi ya pili, mzizi na kiishio. Maana: mimi hukufikiria wewe kila mara.

(b) hu-ku-waz-a: hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili umoja, -ku- ya ukanushi wa wakati uliopita, mzizi na kiishio. Maana: wewe hukufikiri.

Katika uchanganuzi wa kwanza, mpenzi anakiri mapenzi yake. Katika wa pili, analaumu. Mkazo hausaidii, kwa maana katika hali zote mbili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiambishi hu- cha mazoea nacho hakichukui kiambishi cha nafsi, hivyo mtenda hatambuliki ila kwa muktadha. Muktadha wa wimbo unaelekeza kwenye maana ya kwanza, kwa sababu ubeti mzima ni wa kubembeleza. Hata hivyo, uwezekano wa pili haufutiki kabisa, na ni sehemu ya utamu wa neno. Anayekariri sauti bila kuielewa lugha hana haja ya kuchagua kati ya maana hizi mbili. Anaukabidhi utata huo kwa msikilizaji ukiwa mzima. Kwa namna hii, yule asiyejua amekuwa mtunzaji mwaminifu kuliko mfasiri, ambaye angelazimika kuchagua maana moja na kuiua nyingine.

5.0 Pale Lugha Inapopungua: Jambo Bwana

Si kila wimbo husafiri bila hasara. Jambo Bwana ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za pwani ya Kenya, na ukatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulitungwa kama somo la kwanza la Kiswahili kwa mgeni: maamkizi, kujuliana hali na kukaribishwa. Bendi kadhaa ziliuimba upya, miongoni mwao Mombasa Roots na Safari Sound Band. Mwaka 1983 Boney M. walitoa toleo lao.

Kiisimu, maamkizi ya Kiswahili ni “hujambo”, na jibu ni “sijambo”. Maana ya msingi ni kwamba anayeamkiwa hana jambo linalomsumbua. Kiambishi cha ukanushi ndicho kiini cha maamkizi hayo. Kinapoondolewa, “jambo” linabaki nomino ya ngeli ya LI-YA isiyoamkia mtu yeyote. Matumizi haya hayakuanzishwa na wimbo. Yalikuwepo katika Kiswahili cha kuzungumza na wageni. Lakini kila toleo liliyatia nguvu, hata watu wengi duniani wakaamini kwamba hivyo ndivyo Waswahili wanavyoamkiana.

Hali ya “hakuna matata” inafanana na hiyo. Mzizi -tata umezaa maneno kama utata, tatiza na tatizo, na wazo la asili ni la uzi uliojifunga. Mswahili wa pwani anayetaka kumtuliza mwenzake ana mwelekeo wa kusema “hakuna tabu” au “hakuna wasiwasi”. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 iliyasambaza maneno hayo kote duniani kwa wimbo mwingine kabisa. Mwaka huo huo kampuni ya Disney iliomba kuyasajili nchini Marekani kama alama ya biashara ya mavazi, na usajili ukakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 suala hilo lilizua malalamiko makubwa miongoni mwa Waafrika. Usajili wa aina hiyo haumkatazi mtu kuyatamka maneno wala kuyaimba. Pamoja na hayo, malalamiko yale yalikuwa na kiini cha kweli: lugha iliyokuwa mali ya wote ilionekana kuwekewa uzio na mtu aliyeikuta njiani.

6.0 Kuimba Upya Nyumbani: Siti binti Saad na Bi Kidude

Lingekuwa kosa kudhani kwamba uimbaji upya ni kazi ya wageni pekee. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, baada ya kusafiri hadi Bombay mwaka 1928. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuiimba taarab kwa Kiswahili, na hivyo kuitoa katika kumbi za wakubwa na kuileta kwa watu wa kawaida. Baadhi ya nyimbo zake zilikuwa habari za mtaani zilizopewa lahani. Wimbo wa Kijiti, mathalani, unahusu mauaji ya mwanamke na namna haki ilivyokwenda kombo.

Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude na kufariki mwezi Aprili 2013, aliziendeleza nyimbo za Siti kwa miongo mingi. Hakuziimba kama kasuku. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, naye alikuwa pia mpiga ngoma na kungwi wa unyago. Mapigo na ukali wa unyago vilipenya katika taarab aliyoiimba. Alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, ulimwengu ulimtuza yeye, lakini wajuzi walifahamu kwamba nyuma yake alisimama Siti.

Tofauti kati ya mfano huu na ile iliyotangulia ni bayana. Bi Kidude aliimba akiwa ndani ya lugha, mbele ya hadhira iliyolifahamu jina la mtangulizi wake. Deni lilijulikana na lilitajwa. Uimbaji upya wa namna hii hauchukui, unarithi.

7.0 Jukwaa, Hadhira na Kumbukumbu

Santuri huhifadhi sauti, lakini haihifadhi tukio. Katika onyesho la taarab, hadhira haikai kimya. Mtazamaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaelekea jukwaani akicheza, akamtunza mwimbaji kwa fedha. Mara nyingine anayetunza hana nia ya kumsifu mwimbaji tu. Ubeti ule umemsemea jambo alilotaka kumfikishia jirani au hasimu wake aliyemo ukumbini. Hivyo, wimbo ule ule ukiimbwa upya wiki inayofuata, mbele ya watu wengine, unabeba fumbo jingine. Methali isemayo “mcheza kwao hutunzwa” inatokana na kitenzi hicho hicho cha kutunza, na inadokeza kuwa tuzo kamili hutoka kwa wale wanaoielewa ngoma.

Tamasha la Sauti za Busara lililoanzishwa Unguja mwaka 2004 limeonyesha jinsi hadhira mbili zinavyoweza kukutana. Ndani ya Ngome Kongwe, wenyeji waliokulia na nyimbo hizo husimama bega kwa bega na wageni wanaozisikia kwa mara ya kwanza. Wenyeji huitikia neno, wageni huitikia mdundo. Mhakiki makini hana budi kurekodi itikio la pande zote mbili, kwa kuwa yote mawili ni sehemu ya utendaji.

8.0 Mwenye Wimbo ni Nani?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Jina la Fadhili William ndilo linalotajwa kama mtunzi kwenye matoleo mengi ya Malaika. Hata hivyo, wapo waliodai utunzi huo, akiwemo Adam Salim wa Tanzania, aliyesema aliutunga katika miaka ya 1940, na Grant Charo wa Kenya. Makala haya hayakusudii kukata kesi hiyo. Yanakusudia kuonyesha ni kwa nini kesi ya aina hiyo huzuka.

Katika fasihi simulizi, wimbo hupita kinywa hadi kinywa, kila mmoja akiongeza lake. Sheria ya hakimiliki ina msingi tofauti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutaka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo lingine linaloshikika ndipo ilindwe. Kwa hiyo, anayetunga kwa kinywa bila kurekodi yumo hatarini mbele ya anayefika studioni kwanza. Sheria hiyo hiyo hulinda kazi ya muziki katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa kuwa Fadhili William alifariki mwaka 2001, kazi zilizo zake kisheria zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2051. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria nyingine ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua haki za jamii na si za mtu binafsi tu. Kati ya sheria hizi mbili, ya mtu na ya jamii, wimbo kama Malaika umeshika njia ya katikati: jamii nzima inauona kuwa wake, na bado kuna mtu aliyekaa akautunga.

Mwanafunzi wa fasihi hana mamlaka ya hakimu. Ana mamlaka ya kumbukumbu. Anapochambua toleo lolote, ataje mtunzi anayetambuliwa, ataje madai yanayojulikana, na asiandike “wimbo wa Boney M.” mahali ambapo Boney M. waliimba upya. Kutaja jina ni malipo ya kwanza ambayo msomi anaweza kumlipa msanii, na hayahitaji wakili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uimbaji upya hufanya mambo matatu. Huupa wimbo miktadha mipya, kama ilivyokuwa kwa Makeba uhamishoni. Huweza kuihifadhi sarufi hata pale mwimbaji asipoielewa, kama ilivyobainika katika -nge- na “hukuwaza”. Vilevile, huweza kuipunguza lugha pale inapotamkwa kwa ajili ya mgeni pekee, kama ilivyotokea kwa maamkizi yetu. Kipimo kinachopendekezwa, basi, si iwapo toleo linafanana na la awali, bali ni iwapo linaukumbuka ukoo wake. Chanda chema huvikwa pete. Na pete hiyo haina budi kuvikwa na wenye lugha kwanza.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua wimbo mmoja wa Kiswahili wenye matoleo mawili au zaidi. Linganisha matamshi, mpangilio wa beti na nafsineni katika matoleo hayo.

2. “Mwimbaji asiyejua lugha ni mtunzaji bora wa utata kuliko mfasiri.” Jadili kauli hii ukirejelea mifano miwili.

3. Eleza tofauti kati ya -nge- na -ngali-, kisha uonyeshe jinsi kila kimoja kinavyoathiri hisia katika nyimbo za mapenzi.

4. Je, hadhira inayomtunza mwimbaji wa taarab inastahili kuhesabiwa kuwa mtunzi mwenza? Tetea msimamo wako.